Mwali Hakanyagi Udongo

Mimi ndiye niliyekuwa mdogo, na mimi ndiye niliyetembea. Dada yangu Chausiku, msichana mzima wa kuolewa, kifua kimejaa, nyonga zimejaa, yeye ndiye aliyebebwa mgongoni kama kichanga. Kwa hiyo mkinisikia nafoka nikiona mama amembeba mtoto anayeweza kutembea, msiseme bibi ana roho mbaya. Roho yangu haina ubaya. Ina hasira, na hasira hiyo ninayo tangu mwaka ule Wadachi walipoukimbia mji wa Morogoro.

Nyumba yetu ilikuwa juu ya Bigwa, mlimani, pale njia inapoanza kumtoa mtu pumzi. Tulikuwa baba yetu Yunusi, mama yetu Mwaisha, Chausiku, na mimi Mwajuma, kitinda mimba. Nikisema kitinda mimba nakosea, maana mwaka huo mama alikuwa mjamzito tena, na tumbo lilikwisha kuonekana. Kati yangu na Chausiku walikuwapo wengine, wote wa kiume, wote walikufa wadogo.

Kwetu Waluguru ukoo unapita kwa mwanamke. Mtoto ni wa mama na wa ndugu za mama. Baba analima, analisha, anapenda akitaka kupenda, lakini ukoo si wake. Mama hakuwa na dada. Alikuwa na kaka mmoja tu, mjomba wetu Pazi. Basi kwa hesabu ya wazee, ukoo wote ulikuwa unamngoja Chausiku azae. Mimi nilikuwa mtoto wa homa, leo mzima kesho kitandani, nani angeniwekea tumaini?

Chausiku alipovunja ungo aliingizwa ndani, chumba cha nyuma, kama ilivyo desturi. Mwali haonwi na mwanamume, hata baba yake mzazi. Mbele za watu hasemi. Akitaka kitu anagonga ukuta. Na mguu wake haugusi udongo wa nje mpaka siku atakapochezwa, atakapotolewa juu ya mabega ya mjomba wake, amepakwa mafuta, wanawake wanapiga vigelegele. Mwali akikanyaga udongo kabla ya siku hiyo tumbo lake linafunga, hazai tena. Ndivyo tulivyoambiwa, na mama aliamini hivyo kama alivyoamini kwamba moto unaunguza.

Sasa, kumcheza mwali kunataka mtama wa pombe, kunataka kuku na unga wa wageni, na kunataka mjomba. Mtama aliuchukua jumbe kuwapelekea askari wa vita. Msimu uliofuata akachukua hadi mbegu. Kisha wakaja wakamchukua mjomba Pazi mwenyewe, wakamfunga kamba na wenzake, akaenda kuwa mpagazi wa mizigo ya Wadachi, na hatukumwona tena. Chausiku akabaki ndani. Mvua zikaja zikaenda, yeye yumo ndani. Kazi yake kula na kulala, maana mwali sharti atoke amenona, la sivyo mama yake atachekwa. Sisi tunashindia majani ya maboga, yeye anapelekewa ugali na maharage! Nilikuwa nachungulia chakula chake huku mate yananitoka. Akawa mweupe, mlaini, mzito. Alinipenda lakini, sikatai. Alikuwa akiniachia ukoko.

Kiangazi kile mizinga ikaanza kusikika upande wa Wami. Watu waliotoka mjini wakasema Waingereza wanakuja, Wadachi wanafunga mizigo wapite milimani waende kusini. Na Mdachi akifunga mizigo, nani anaibeba? Askari wakaanza kupanda vijijini kutafuta wanaume na chakula. Nyumba wasimomkuta mwanamume waliitia moto. Wanaume wote wakahamia msituni, baba yetu mmojawapo, wakawa wanashuka kwa kunyatia kama wezi wa mahindi.

Asubuhi moja moshi ukaonekana chini yetu, kwanza nyumba moja, halafu nyingine juu yake kidogo. Walikuwa wanaifuata njia yetu. Watu wakaanza kupita mbio mlangoni petu, huyu na mbuzi, huyu na chungu, huyu na mkeka, kila mtu na mzigo wake. Mama akasimama kizingitini, mkono kiunoni, anatazama moshi. Bibi kungwi aliyemfunda Chausiku akapita akiwa na mkongojo wake.

"Shikamoo, bibi," mama akasema.

"Marahaba. Mwaisha, na huyo mwali?"

"Nitambeba."

"Hali yako hiyo?"

"Sasa nani ambebe, bibi? Pazi hayupo."

Kungwi akalitazama tumbo la mama, akautazama moshi. Nilidhani atasema, basi, leo vita, mtoto atembee, Mungu atasamehe. Wapi! Alisema, "Angalia asikanyage. Ukimharibu huyo umewaua wote waliozaliwa na watakaozaliwa." Akaenda zake na mkongojo wake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mama akaingia ndani akatoka na mbeleko, ile ile iliyonibeba mimi, na kaniki mbili. Kaniki moja akamfunika Chausiku kichwa na uso, asionwe na asione. Akamkalisha juu ya kinu, akageuka akachutama mbele yake, akamvuta mgongoni. Akafunga kaniki ya pili chini ya makalio yake na mbeleko juu ya mgongo wake, mafundo yakabana juu ya tumbo, juu ya yule mtoto mwingine. Akajaribu kusimama akashindwa. Akashika mwimo wa mlango, akajaribu tena, akasimama. Nikasikia mifupa ya magoti yake inalia.

"Mwajuma, chukua kibuyu cha maji na ule unga. Tangulia."

"Mama, kwa nini Chausiku asitembee?"

"Nitakuzaba kibao sasa hivi. Tangulia!"

Basi nikatangulia.

Hatujafika mbali baba akatokea vichakani, panga mkononi. Alipomwona mama na alichobeba, akageuka haraka akatupa kisogo, kama mtu aliyekuta wanawake wanaoga. Akasema huku akitazama mlima, "Mke wangu, utakufa."

"Usigeuke."

"Sigeuki. Nifungeni kitambaa machoni. Mwajuma atanishika mkono, nimbebe mimi."

"Na mgongo wako nao utaufunga kitambaa?" mama akasema. Pumzi zilikuwa zimeanza kumwishia tayari. "Wewe ni mwanamume, na ni wa ukoo mwingine. Mwali habebwi na mtu wa ukoo mwingine. Unataka kumuua mwanangu?"

"Wako peke yako?"

Mama akakaza mafundo ya mbeleko. Baba alikuwa mtu wa nguvu, jamani. Aliwahi kuteremsha gogo la mninga peke yake hadi bondeni watu wakaja kuliangalia. Siku hiyo mgongo wake ulikuwa mtupu. Alitangulia mbele anafyeka vijiti vya njiani, anafyeka na visivyokuwa njiani, anafyeka kwa hasira, nami nyuma yake na kibuyu, na nyuma yangu mama anahema. Kila mama alipohema kwa nguvu baba alisimama. Hakugeuka. Anasimama tu, mabega juu, mpaka asikie hatua zinaendelea.

Nyinyi mnafikiri kupanda ndiko kugumu. Kupanda kuna afadhali, udongo wa nyuma unakuwa chini, miguu ya anayebebwa inaning'inia hewani. Kazi ni kuteremka. Njia ya kwetu inapanda, halafu inatumbukia kwenye kijito, halafu inapanda tena. Mtu anapoteremka udongo wa nyuma unakuja juu kuifuata miguu ya mtoto, na Chausiku alikuwa mrefu karibu sawa na mama. Aliikunja miguu, akaikunja, akachoka, ikaanza kulegea. Mama akaona kisigino cha mwali kinataka kuparuza majani. Akafanyaje? Akageuka. Akateremka kinyumenyume bonde lote lile, uso kwenye udongo, mikono imeshika mizizi na majani, tumbo linakwaruza ardhi, ili miguu ya Chausiku ibaki hewani upande wa bondeni. Mimi nilikuwa chini yake namwelekeza pa kukanyaga. "Kushoto mama. Hapana, jiwe hilo linacheza." Huku chini kwetu bunduki zinalia, na harufu ya nyumba zinazoungua imetufikia.

Kijitoni aliteleza. Mtu yeyote akiteleza anatupa mikono, anaangukia ubavu, anajiokoa. Yeye alikaza mwili akaangukia magoti na tumbo juu ya mawe, puu, ili mgongo ubaki juu. Chausiku hakulowa hata kidole. Mama alitoa sauti moja fupi, kisha akatambaa kwa magoti hadi ng'ambo, akashika mti, akasimama.

Ndipo nilipoona damu. Ilikuwa inashuka mguuni, ndani ya paja, inaingia kwenye kisigino, na kila akikanyaga inaacha alama kwenye majani.

"Mama, unatoka damu."

"Maji ya mtoni hayo."

"Mto gani una maji mekundu?"

"Mwajuma!"

Chini ya kaniki Chausiku akaongea. Alikuwa hajaongea nje ya nyumba tangu avunje ungo, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyeamka usingizini. Akasema, "Mama, niteremshe. Nakuomba, mama."

"Mwali hasemi," mama akasema. "Nyamaza, mwanangu. Tumefika."

Hatukuwa tumefika. Msitu ulikuwa juu yetu, unaonekana, ile miti mikubwa yenye ukungu, lakini kati yetu na msitu palikuwa na mteremko ulio wazi, mashamba ya zamani, hakuna pa kujificha. Baba alisikia yote. Alikuwa amesimama ametupa kisogo, panga limemwanguka, analia. Nilikuwa sijawahi kumwona baba akilia kabla ya hapo. Akasema, "Mwaisha, nakuapia Mungu, nitageuka."

"Ukigeuka sikusamehe mpaka kaburini."

Na hakugeuka! Mpaka leo sijui nimlaani au nimwonee huruma. Alimheshimu mkewe, aliiheshimu desturi, alikuwa mtu mwema, na wema wake ule ulisimama mbele yetu umetupa kisogo huku damu inatiririka.

Mama alipanda mteremko ule. Mwisho mwisho hakuwa anatembea, alikuwa anavuta mguu mmoja, anapumzika, anavuta wa pili. Alikuwa anasema maneno. Mwanzoni nilidhani anasali, kumbe anataja majina: mama yake, bibi yake, mama wa bibi yake, wanawake wote wa ukoo anaowakumbuka, mmoja kwa kila hatua. Majina yalipokwisha akaanguka. Alianguka kifudifudi, mikono mbele, na Chausiku juu yake.

Na mwajua Chausiku alifanya nini? Alibaki pale pale. Amelala juu ya mgongo wa mama aliyeanguka, kaniki usoni, miguu ameikunja juu isiguse chini. Amefundwa, akafundika. Mimi nikapandwa na wazimu. Nikatupa kibuyu, nikamrukia, nikaivuta ile kaniki nikaichana. "Shuka! Shuka, nguruwe wee, unamuua mama!" Nilimwita dada yangu nguruwe, na nikampiga ngumi za uso. Akafumba macho kwa ukali wa jua. Alipoyafumbua akaona damu, maana na yeye nguo yake ilikuwa imelowa kwa pembeni, alikuwa anadhani ni jasho.

Akashuka. Akapitisha mikono chini ya tumbo la mama akafungua mafundo, akaweka mguu wa kwanza kwenye udongo, kisha wa pili. Dunia haikupasuka. Ndege walikuwa wanalia kama kawaida. Akamgeuza mama, akajaribu kumnyanyua, magoti yakamkatika, kwa kuwa mtu aliyekaa ndani misimu yote ile ana miguu ya kuku mgonjwa. Akapiga kelele, "Baba! Njoo, baba!"

Sasa ndipo baba alipogeuka. Alikuja mbio, akambeba mama mikononi, na hata hapo macho yake aliyaweka pembeni asimwone mwali. Tukapanda. Baba mbele na mama, Chausiku nyuma akiniegemea bega, anatembea kama mtoto anayejifunza, anakanyaga mawe na miiba na mavi ya mbuzi, haangalii. Tukaingia msituni kabla askari hawajatokea mteremkoni.

Baba alimlaza mama chini ya jabali palipo na nyasi. Mtoto alitoka mchana ule ule, mdogo, ametimia kila kiungo, amekufa. Alikuwa wa kike. Nisikilizeni vizuri: alikuwa wa kike. Ukoo ambao mama aliubeba mgongoni alikuwa nao tumboni pia, na wa mgongoni ulimponda wa tumboni.

Hatukumwambia. Yeye alikuwa anaondoka, midomo imekuwa ya majivu. Alishika mkono wa baba akauliza, "Mguu wake?"

Chausiku alikuwa amesimama nyuma ya jabali, wima, kwa miguu yake, anasikia.

Baba akasema, "Haukugusa. Umeangukia hapa chini ya jabali, naye akapanda juu yake kutoka mgongoni mwako. Sikumtazama."

"Nimemfikisha?"

"Umemfikisha, Mwaisha."

Mama akacheka kidogo. Kweli alicheka, nilimwona meno. Jua lilipopita juu ya jabali alikuwa amekwisha kufa.

Baba hakulia tena. Aliniambia bila kunitazama, "Mwajuma, lete maji. Mwoshe dada yako miguu. Osha na katikati ya vidole." Maji yalikuwa yamemwagika nilipotupa kibuyu, nikaenda kutafuta mengine kwenye majani yenye umande wa msitu, nikayakamua kwa kitambaa. Nikamwosha. Alikuwa amechanika nyayo, nikamchomoa miiba. Baba akamnyanyua, bila hata kitambaa machoni, akampandisha juu ya jabali, akamfunika kaniki iliyochanika. Watu wa kwetu waliokuwa wamejificha ndani zaidi walipotukuta, walimkuta mwali amekaa juu ya jabali na mama yake amelala chini. Kungwi akapapasa nyayo za Chausiku chini ya kaniki. Michubuko aliisikia, sina shaka, vidole vyake havikuwa vya mbao. Akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Mwaisha amemfikisha."

Tukamzika mama na mwanawe mle mle msituni.

Vita vilipokwisha kupita kwetu na Wadachi wakawa hadithi, Chausiku alichezwa. Ndugu mmoja wa mbali wa ukoo, kutoka Matombo, alimbeba mabegani mahali pa mjomba. Akaolewa. Na akazaa. Hakuchukua hata mwaka, akapata mtoto wa kike, mnene, anapiga kelele kama jogoo, akamwita Mwaisha.

Wanawake wakajaa nyumbani kumtazama mzazi. Alikuwapo na mama mmoja kijana ambaye bintiye alikuwa ameingizwa ndani karibuni, kungwi akamgeukia yeye. "Unaona? Hii ndiyo faida ya mama asiyelegea. Mwaisha alimbeba huyu mlima mzima, na mimba yake, na risasi zinalia. Hakumwacha akanyage hata jani. Leo tunda hilo hapo. Na wewe ujifunge kiuno hivyo hivyo." Yule mama kijana akaitika, macho yamejaa machozi, unaona kabisa anajiapiza moyoni.

Mimi nilikuwa msichana mkubwa kidogo wakati huo, nachanja kuni mlangoni. Nikasema, "Alitembea."

Wakanigeukia wote.

"Alitembea kwa miguu yake, mimi ndiye niliyemshika. Amekanyaga mavi ya mbuzi. Na amezaa, si huyo hapo?"

Kungwi hakuniangalia hata. Aliniruka kama mtu anavyoruka tope, akamuuliza Chausiku. "Ati mdogo wako anasema nini?"

Chausiku alimweka mtoto kwenye titi la pili. Akasema taratibu, "Mdogo wangu alikuwa na homa siku ile, alikuwa anaweweseka. Sikukanyaga. Mama alinifikisha."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama kijana akafuta macho. Nami nilisimama na shoka langu, masikio yanawaka moto, mwongo wa kijiji.

Walipoondoka nikaingia nikamsimamia kichwani. "Kwa nini umenifanya hivi?"

Chausiku akaniambia, "Ukiwaambia nilitembea, na mtoto huyu hapa, sasa mama alikufa kwa ajili gani?"

"Alikufa bure, dada," nikasema.

Akanipiga kofi. Mtoto akashtuka akaanza kulia, na sote wawili tukainuka kumbembeleza.